Honda CB750 au Kawasaki Z1? Soma namba kabla ya kuangalia rangi, usije kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Honda CB750 mbili zinaweza kusimama mnadani pembeni kwa pembeni, rangi moja, zote zinawaka, lakini moja ikauzwa kwa bei ya mara kadhaa ya ile nyingine. Ukiziangalia kwa mbali huoni tofauti. Tofauti iko kwenye namba zilizogongwa kwenye fremu na injini, na kwenye uso wa chuma cha injini yenyewe.

Hapo ndipo wanunuzi wengi wa pikipiki za zamani za Japani wanapopigwa.

Kwa nini CB750 inatafutwa

Honda iliionyesha Tokyo mwaka 1968 na kuanza kuiuza 1969. Injini ya cc 736, silinda nne zilizopangwa mstari mmoja, breki ya diski mbele, na stati ya kubonyeza kitufe. Marekani iliuzwa dola 1,495. Wakati huo pikipiki nyingi kubwa za Uingereza bado zilikuwa na silinda mbili, zikiwashwa kwa kiki na zikidondosha oili kwenye sakafu. Pikipiki ya silinda nne mtu wa kawaida aliiona kwenye mashindano tu.

Honda wenyewe hawakuwa na uhakika kama wateja wangejitokeza, hivyo makasha ya injini za mwanzo yakatengenezwa kwa kalibu za bei nafuu. Uso wake ni wa kukwaruza, hauna ulaini wa yale yaliyofuata. Wapenzi wanaziita "sandcast", yaani za kumwagwa kwenye mchanga, ingawa ukweli ni kwamba mchanga haukutumika. Jina limeshaganda.

Ziko karibu 7,400 tu, na namba za fremu zinaishia CB750-1007414. Mwaka 2018 moja ya zile za majaribio, zilizotengenezwa kabla hata ya hizo, iliuzwa mnadani Uingereza kwa zaidi ya pauni 160,000.

Penye pesa hiyo, wajanja hawakosi. Kuna anayechukua fremu ya mwanzo na kuipachika injini ya mwaka 1971. Mwingine anasaga namba na kugonga mpya. Tazama herufi: zina kina sawa? Kuna alama za msasa au rangi mpya hapo tu na si kwingine? Kama zipo, uliza maswali.

Lakini usikimbie eti kwa sababu namba ya injini haifanani na ya fremu. Kwa CB750 nyingi hazifanani kabisa, zinakaribiana tu. Z1 nayo ni hivyo hivyo: fremu huanza na Z1F, injini Z1E, na pengo la namba mia kadhaa ni la kawaida. Muuzaji anayejisifu kwamba namba zake "zinafanana moja kwa moja" ndiye wa kumkagua zaidi.

Z1 ilizaliwa kwa hasira

Kawasaki walikuwa wanaandaa pikipiki yao ya cc 750 yenye silinda nne Honda walipowawahi. Wakarudi kwenye meza ya kuchora. Mwaka 1972 wakatoka na Z1: cc 903, kemshafti mbili juu ya silinda, nguvu ya farasi 82 dhidi ya kama 67 za Honda. Jina lake la siri kiwandani lilikuwa New York Steak.

Barabarani Honda ni mpole, inatulia na kusamehe makosa. Z1 inavuta kwa nguvu, ila ukiikimbiza sana kwenye kona fremu inaanza kuchezacheza. Breki za zote mbili, kwa dereva aliyezoea pikipiki za leo, ni dhaifu, na mvua ikinyesha diski inachelewa kushika.

Injini ya Z1 ni ngumu kufa. Ya Honda nayo ni imara, ila ina kovu moja la kutafuta: cheni za mwanzo zilikuwa zinakatika na kupasua kasha la injini nyuma ya sproketi ya mbele. Piga magoti, mulika tochi pale. Ukiona sehemu imechomelewa, shusha bei au ondoka.

Kinachokosekana ndicho kinachoumiza

Pistoni, gasketi na kabureta zinapatikana au zinatengenezeka. Kichwa kinauma kwenye eksozi nne za asili, tenki, vifuniko vya pembeni na siti. Eksozi hizo huoza kutoka ndani, kwa hiyo wamiliki wengi miaka ya sabini walizing'oa na kufunga ya bomba moja. Pikipiki ya bei rahisi isiyo na vitu hivyo inaweza kukumalizia akiba kuliko ile ya bei juu iliyokamilika.

Kwa Z1 hali imepata nafuu kidogo. Mwaka 2019 Kawasaki walitangaza kutengeneza upya silinda hedi zake kwa idadi maalumu, jambo ambalo viwanda hufanya mara chache sana.

Wenye bajeti ndogo waangalie Yamaha XS650 ya silinda mbili. Ilitengenezwa kuanzia 1970 hadi miaka ya themanini, fundi wa kawaida anaielewa, na spea si za kusaka kwa tochi. Suzuki GT750, yenye silinda tatu zinazopozwa kwa maji na inayochoma oili pamoja na petroli, ni tamu na ya ajabu. Ila sili za krenki zikichoka, lazima injini nzima ifunguliwe.

Siku ya kwenda kuiona

Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa injini. Ikiwa ya moto, kuna kitu kinafichwa, mara nyingi ugumu wa kuwaka ikiwa baridi. Iwashe mwenyewe, subiri ipate joto, kisha ongeza mafuta ghafla na utazame nyuma. Kwa Honda na Kawasaki hizi moshi wa bluu una maana oili inaungua. Kwa GT750 moshi kidogo ni kawaida yake.

Kama pikipiki iko nchi nyingine, omba picha za karibu za namba zote mbili na video ya kuwashwa ikiwa baridi. Linganisha namba hizo na zilizo kwenye hati, tarakimu kwa tarakimu, halafu ndipo mzungumze bei.