Mwendo wa Siku Tatu: Umbali, Muda na Kasi Katika Hesabu za Kiswahili

Katika daftari la mwanafunzi wa darasa la saba, kwenye shule moja iliyo kando ya Ziwa Viktoria, tulipata kulikuta swali lifuatalo: "Meli ilisafiri kutoka Mwanza kwenda Bukoba kwa mwendo wa kilomita 20. Iliondoka saa 3 ikafika saa 12. Tafuta mwendo wa meli hiyo." Mwanafunzi aliandika jibu moja tu, "kilomita 20", naye akawekewa alama ya kosa. Jibu alilolitaka mwalimu lilikuwa kilomita 180.

Tumelitazama swali hilo mara nyingi, na kila mara tunaona kwamba mtoto yule hakukosea. Ameulizwa mwendo, na mwendo ameshapewa. Aliyekosea ni mtunga swali, aliyelitumia neno moja kwa maana mbili katika sentensi mbili zinazofuatana. Hata hivyo si haki kumlaumu mtunga swali peke yake, kwa kuwa lugha yenyewe ilimpa neno hilo na maana zake zote. Katika makala haya twakusudia kueleza jinsi neno "mwendo" lilivyopata kubeba maana hizo, jinsi lilivyolazimika kugawanywa, na mahali ambapo mgawanyo huo bado haujakamilika.

Kamusi ya mwaka 1939, iliyotayarishwa chini ya Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, inalipa neno "mwendo" maana ya tendo la kwenda, ya safari, ya umbali, na hata ya tabia ya mtu. Wazee waliposema "mwendo wa siku tatu" walitaja umbali. Waliposema "mwendo wa pole" walitaja kasi. Wala si uvivu wa lugha. Katika zama za misafara ya miguu, wapagazi wote walikwenda kwa kasi iliyokaribiana, na kasi isipobadilika, umbali na muda huenda sambamba: ukiujua mmoja umeujua na mwingine. Msafiri aliyeambiwa kwamba kijiji kiko mwendo wa siku tatu alipata mara moja yote aliyoyahitaji, yaani atachoka kiasi gani, atabeba chakula kiasi gani, na atalala njiani mara ngapi. Maili isingemwongezea kitu.

Mnamo Julai 1858 John Hanning Speke aliondoka Kaze, karibu na Tabora ya leo, akiwa na Sidi Mubarak Bombay na wapagazi wake. Tarehe 3 Agosti alikuwa juu ya kilima karibu na Mwanza akilitazama ziwa. Ni safari ya siku kama 25, na ndiyo iliyokuwa kipimo cha njia hiyo. Miaka 70 baadaye, mwaka 1928, reli kutoka Tabora ilifika Mwanza, urefu wake kilomita 379 hivi. Tuseme gari moshi linakwenda kilomita 38 kwa saa, mwendo usio wa kujivunia hata kidogo. Litafika kwa muda wa saa 10. Basi Mwanza iko mwendo gani kutoka Tabora: siku 25 au saa 10? Ardhi haikusogea. Kilichotokea ni kwamba zimekuwapo kasi mbili katika nchi moja, na neno lililotegemea kasi moja tu halikuweza tena kujibu.

Ziwani hali hiyo ilianza mapema zaidi. Reli kutoka Mombasa ilifika ufukweni, mahali panapoitwa Kisumu leo, mnamo Desemba 1901, na tangu miaka hiyo meli za mvuke zikapita bandari moja na mitumbwi ya kasia na majahazi ya tanga. Mtu wa Ukerewe akisema "mwendo wa asubuhi nzima", ilibidi aulizwe: kwa chombo gani? Swali hilo dogo la "kwa chombo gani" ndilo chanzo cha somo zima la umbali, muda na kasi.

Msomaji aweza kushangaa kwamba pamoja na meli na reli hizo zote, Kiswahili kilichelewa sana kupata istilahi za somo hili. Sababu yake iko katika mpango wa elimu wa wakati wa Mwingereza. Kiswahili kilifundishia madarasa ya chini, na katika madarasa ya juu mahali pake pakashikwa na Kiingereza. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya ni kazi ya madarasa ya chini, ndiyo maana maneno yake tunayo tangu zamani na hayana utata. Hesabu za safari ni za madarasa ya juu. Zilifundishwa kwa Kiingereza, na mwalimu aliyetaka kuzieleza kwa Kiswahili alitumia maneno ya barabarani.

Mwaka 1967 mambo yalibadilika kwa pamoja. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule yote ya msingi, na Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria ya Bunge mwaka huohuo. Katika miaka hiyo maili nazo zilianza kuipisha kilomita. Kuanzia 1968 hadi 1972 ulikuwapo pia mradi wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa kwa watu wazima, katika mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, makao yake yakiwa Mwanza mjini. Vitabu vyake vilifuata kazi za watu: pamba, uvuvi, migomba, ufugaji. Mkulima wa pamba hakuhitaji kuelezwa maana ya umbali. Alihitaji kujua kama mzigo wake utafika kabla ya mizani kufungwa. Kisha mnamo Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, lililoagiza elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe kabla ya mwisho wa 1977. Tangu hapo swali la meli ya Bukoba halikuwa tena la wateule wachache. Kila mtoto wa nchi angekutana nalo kwa Kiswahili, na katika mtihani wa kumaliza darasa la saba jibu lake laweza kuamua kama atakwenda sekondari au atabaki nyumbani.

Baraza lilianza kutoa vijitabu vya "Tafsiri Sanifu" mwaka 1974. Katika fungu letu la maneno, kazi iligawanyika kwa kiasi hiki. "Umbali" limetokana na "mbali", nalo halikupata mpinzani wa kweli. "Masafa", neno la asili ya Kiarabu lenye maana hiyohiyo, lilikuwa zuri na linafaa, lakini watu wa redio walikwisha lichukua kwa mawimbi yao, na haifai kumnyang'anya mtu kitu alichokitunza. "Muda" lilichaguliwa kwa urefu wa wakati, nalo "wakati" likaachwa kwa mambo ya jumla. Ubishi ulibaki kwenye kasi. Wako walioandika "mwendo", wako walioandika "kasi", na wako walioyaunganisha yote mawili wakapata "mwendokasi".

Sisi tulikuwa na mashaka juu ya "mwendokasi". Tuliliona neno zito, tena lenye kurudia maana, kwa kuwa kitu chenye kasi hakina budi kuwa katika mwendo. Lakini watumiaji wametushinda. Mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Dar es Salaam, jina hilo rasmi halikudumu vinywani hata kidogo. Abiria walisema wamepanda "mwendokasi", na neno la kitabu cha hesabu likawa jina la basi. Ni mara chache istilahi hupata bahati ya namna hiyo. Hasara yake ni kwamba mtoto wa mjini asikiapo "tafuta mwendokasi" aweza kwanza kufikiri kwamba anatumwa kituoni.

Kuna neno jingine linaloharibu hesabu hizi kimyakimya, nalo ni "kwa". Tazama sentensi mbili: "Gari lilikwenda kilomita 60 kwa saa", na "Gari lilikwenda kilomita 60 kwa saa 2". Katika ya kwanza 60 ni kasi. Katika ya pili 60 ni umbali, na kasi ni 30. Tofauti yote imebebwa na tarakimu moja, ambayo mpiga chapa aweza kuisahau. Tunaloshauri ni kwamba anapotaja kasi mtu aseme "kwa kila saa" pale penye hatari ya kuchanganya, na anapotaja muda aseme "katika muda wa saa 2". Vivyo hivyo tunasikia habari za treni "ya mwendo wa kilomita 160", kama zilivyotajwa habari za reli mpya tangu jiwe la msingi la kipande cha Mwanza hadi Isaka lilipowekwa Juni 2021. Pasipo "kwa saa", msikilizaji makini ana haki ya kuuliza kama treni hiyo itaishia njiani.

Na saa yenyewe? Hapa ndipo penye mgogoro mkubwa kuliko yote. "Saa 3" ni alama ya wakati na pia ni urefu wa muda. "Alisafiri saa 3" yaweza kuwa aliondoka baada ya chai ya asubuhi, au kwamba alikaa njiani muda huo. Wananchi waliiona hitilafu hiyo zamani, wakajitungia "masaa" kwa ajili ya muda: "saa tatu" ya kuondoka, "masaa matatu" ya njiani. Wanasarufi wameikataa, wakisema "saa" ni neno la ngeli isiyobadilika katika wingi. Kwa sarufi wana haki. Lakini yafaa wakiri kwamba aliyesema "masaa" hakuwa mjinga. Alikuwa akitenganisha vitu viwili ambavyo hesabu inavitaka vitenganishwe. Mtunga mtihani asiyetaka ugomvi na aandike "muda wa saa 3".

Hesabu yetu ya saa ina sifa moja ambayo wafasiri huisahau. Siku ya Kiswahili huanza machweo, na mchana hurudia hesabu mawio. Kwa hiyo meli iliyoondoka saa 3 usiku ikafika saa 12 asubuhi imetumia 12 kutoa 3, yaani saa 9, bila taabu yoyote. Katika ratiba ya reli safari hiyohiyo huanza 21:00 na kumalizika 6:00, na mwanafunzi hujikuta akitoa 21 katika 6. Kinyume chake, basi linaloondoka saa 9 alasiri na kufika saa 2 usiku linavuka machweo: lazima kuongeza 12 kwenye 2 ndipo utoe 9, upate saa 5. Kila saa ina ukuta wake. Wa Kizungu uko usiku wa manane, wa kwetu uko machweo na mawio. Tena jua la Mwanza huchelewa kuliko la Dar es Salaam kwa dakika kama 25, kwa kuwa dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa na miji hiyo imeachana nyuzi 6 na kitu, ilhali saa za ukutani ni moja.

Kuhusu aljebra tutasema kidogo. Neno hili latokana na kitabu cha al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad mnamo karne ya 9, nalo lilitufikia kwa kupitia Ulaya, ingawa mzizi wake tulikuwa nao tayari katika "jabari". "Mlinganyo" ni letu kabisa, na linaeleza kazi yake vizuri kuliko maneno mengi ya kuazima. Tatizo liko katika herufi. Mwalimu akiandika U = K × M, hiyo M ni muda, mwendo au mita? Afadhali kutaja kwa maneno. Bandari mbili zimeachana kilomita 180. Meli moja yatoka huku kwa kasi ya kilomita 25 kwa saa, nyingine yatoka kule kwa kilomita 20 kwa saa, nazo zimeng'oa nanga pamoja. Acha x iwe muda, kwa saa, hadi zikutane. Basi 25x + 20x = 180, na x ni 4. Mtoto aliyekwisha andika "x ni muda, kwa saa" hawezi kujibu "kilomita 4".

Mahali pamoja lugha yetu inatoa msaada ambao haujatumiwa vya kutosha. Dereva amekwenda kilomita 120 kwenye barabara ya Musoma kwa kasi ya 60 kwa saa, akarudi kwa 40. Wengi hujibu kwamba wastani ni 50. Lakini alikwenda kwa saa 2 na kurudi kwa saa 3: kilomita 240 katika muda wa saa 5 ni 48 kwa saa. Kiswahili kina maneno mawili tofauti hapa kwa kugeuza mpangilio tu. "Wastani wa kasi" ni wastani wa zile namba mbili, 50. "Kasi ya wastani" ni kasi ya safari nzima, 48. Vitabu vimezoea kuyachanganya, nasi tunapendekeza yasichanganywe tena.

Mtoto yule wa daftari huenda akaendelea na sekondari, ambako hesabu hufundishwa kwa Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kufundishia kidato cha kwanza mwaka 1985, na pendekezo hilo halikutekelezwa. Kwa hiyo U, K na M zake atazivua mlangoni.

Tarehe 19 Juni 2025 daraja la kutoka Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, lilifunguliwa juu ya ghuba ya Mwanza, mahali ambapo magari yalingojea kivuko. Kwa kasi ya kilomita 45 kwa saa gari hulivuka kwa dakika 4. Umbali haukubadilika. Swali la meli ya Bukoba nasi tungeliandika hivi: "Meli ilisafiri kutoka Mwanza kwenda Bukoba kwa kasi ya kilomita 20 kwa saa. Iliondoka saa 3 usiku, ikafika saa 12 asubuhi. Tafuta umbali iliosafiri."