Witiri, shufwa na tasa: msamiati wa hesabu tulioufungia nje ya darasa

Lichukue swali hili, la aina inayorudi kila mara katika mitihani ya hesabu: nambari n ni nambari kamili isiyogawika kwa mbili. Kati ya n+2, n×n, n+1 na 2n+1, ni ipi ambayo daima itagawika kwa mbili? Mwanafunzi mjanja ataweka 3 mahali pa n. Atapata 5, 9, 4 na 7. Jaribio moja tu, majibu matatu yametupwa nje, limebaki n+1. Hesabu yenyewe ni ndogo. Mzigo umo katika 'isiyogawika' na 'daima', na asiyeyaelewa maneno hayo hatasaidiwa na kukariri kuzidisha hadi mara kumi na mbili.

Tangu 1985 hadi 2023, watoto wetu waliulizwa maswali ya namna hii katika KCPE kwa Kiingereza. Ripoti ya Ominde ya 1964 ilikuwa imependekeza Kiingereza kifundishiwe tangu darasa la kwanza. Ile ya Gachathi, 1976, ikarudisha lugha ya eneo katika madarasa matatu ya mwanzo. Hapo ndipo Kitale na Bungoma zilipoachana njia. Vijiji vya Bungoma vina Lubukusu. Mji wa Kitale uliokota watu kila upande, Wabukusu, Wasabaot, Wapokot, Waturkana, Wakikuyu, wengi wakiwa wamefuata kazi na mashamba, kwa hivyo lugha ya eneo pale ni Kiswahili. Mtoto wa Kitale akahesabu kwa Kiswahili miaka mitatu, halafu darasa la nne, vigawo na vigawe vinapoanza kunoga, akapokonywa maneno.

Ajabu ni kwamba hatukuyaondoa shuleni kabisa. Katika kipindi cha Kiswahili mtoto yuyo huyo alikaririshwa akisami: thuluthi, robo, khumusi, sudusi, subui, thumuni, tusui, ushuri. Kengele ikilia, anaingia kipindi cha hesabu na kukuta sehemu zile zile zikiitwa majina mengine. Tulifundisha akisami kama mapambo ya insha!

Wenzetu Tanzania, tangu 1967, walifanya Kiswahili lugha ya kufundishia shule ya msingi, na ilibidi istilahi zitumike kazini. Namba shufwa ni zinazogawika kwa mbili, witiri ni zisizogawika. Yote mawili yana asili ya Kiarabu. Mwislamu anayeswali witiri, ambayo rakaa zake hazigawiki kwa mbili, anaingia darasani na maana tayari mfukoni. Mtoto wa Bungoma aliyelelewa katika kanisa la Friends hana bahati hiyo. Kwake neno ni geni sawa na la Kiingereza, na mwalimu sharti alifundishe.

Sikubali kila istilahi kwa macho yaliyofumbwa. Namba 7 huitwa tasa, yaani isiyozaa. Lakini 7 inazaa: 14, 21, 28, na kuendelea. Inachokosa ni wazazi, kwa kuwa hakuna nambari mbili kamili ndogo kuliko yenyewe zinazozidishwa zikaizaa. Hata hivyo neno limekaa, mtoto hulishika upesi, na mwalimu hodari anaweza kutumia kasoro hiyo hiyo kuuliza swali zuri: je, 1 ni tasa? Hapana, maana tasa ina vigawo viwili kamili, 1 na yenyewe, na 1 ina kimoja tu.

KCPE imekwenda, mtaala mpya umekuja, na kuanzia gredi ya nne hesabu bado ni ya Kiingereza. Kinachofanyika madarasani kila mtu anakijua: mwalimu anasoma swali kwa Kiingereza, anawaona watoto wamekodoa macho, analirudia kwa Kiswahili au Lubukusu, na mikono inainuka. Siku ya mtihani msimamizi anagawa karatasi na haruhusiwi kulifafanua swali hata moja.