Makisio ya Sifa za Mhalifu

Katika saikolojia ya uhalifu kuna kazi ya kutazama jinsi kosa lilivyotendwa, kisha kueleza kwamba mtendaji, ambaye bado hajulikani, huenda ni mtu wa umri fulani, kazi fulani, mkazi wa mtaa fulani. Tafsiri ya jina lake la Kiingereza, "offender profiling", inayokuja haraka ni "wasifu wa mhalifu". Naikataa. Wasifu ni habari za mtu anayejulikana, awe marehemu anayesomewa msibani au kijana anayeomba kazi. Hapa polisi hawana mtu. Napendekeza "makisio ya sifa za mhalifu", na pale yanapojengwa juu ya kumbukumbu za kesi nyingi badala ya uzoefu wa mpelelezi mmoja, "makisio yatokanayo na data". Makisio tumeyazoea kwenye bajeti, na hakuna anayeyadhania kuwa ndiyo matumizi halisi.

Nguvu ya njia hii ilionekana Uingereza. Mwaka 1986 mwanasaikolojia David Canter aliwasaidia polisi waliokuwa wakimsaka mbakaji na muuaji aliyevizia wanawake karibu na reli. Alipanga matukio kwenye ramani kwa tarehe, akaona ya mwanzo yamejikusanya sehemu moja ya London, akakisia kwamba mtu huyo anaishi eneo la Kilburn. John Duffy, aliyetiwa hatiani mwaka 1988, aliishi huko. Mwaka 1993 Canter na mtafiti mwenzake Larkin walichunguza wabakaji 45: ukichora duara ambalo kipenyo chake ni umbali kati ya matukio mawili yaliyo mbali zaidi, 39 kati yao walikuwa na makazi ndani yake. Faida kubwa ni kwamba mtafiti mwingine anaweza kurudia hesabu na kuipinga. Hisia za mpelelezi hodari hazipimiki hivyo.

Hesabu ilirudiwa kweli, na udhaifu ukajitokeza. Huko Australia, mwaka 1997, takriban nusu tu ya wezi wa majumbani ndio waliokutwa ndani ya duara. Mwaka 2002 watafiti Mokros na Alison waliwalinganisha wabakaji 100 wa Uingereza. Waliotenda kwa namna inayofanana hawakufanana kwa umri, maisha wala makosa ya zamani. Pigo hilo ni zito, kwa sababu kazi nzima imesimama juu ya dhana kwamba watendao sawa wanafanana. Tena data zenyewe ni za waliokamatwa. Mjanja ambaye hajawahi kushikwa hayumo.

Lakini kinachonitia hofu zaidi ni matumizi. Hata duara likiwa sahihi, ndani yake wanaishi maelfu ya watu wasio na hatia, na takwimu za kundi haziwezi kumnyooshea kidole mmoja wao. Makisio yawasaidie polisi kuamua waanzie mtaa upi. Kumtia mtu hatiani kunahitaji ushahidi dhidi yake mwenyewe. Waandishi wa habari na wafasiri wenzangu, tafadhali tuandike "makisio", ili msomaji asidhani mhalifu ameshajulikana.