Historia ya Adui Aliyejificha Ghalani

Katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu, ni haki tuyahesabu magunia yaliyopita katika mizani yetu. Lakini yafaa pia tuyakumbuke yale yaliyokataliwa. Mwanachama aliyerudishiwa mahindi yake kwa sababu ya unyevu au ukungu alirudi kwake na uchungu moyoni, akidhani kuwa karani amemwonea. Insha hii yakusudia kueleza asili ya sharti lile, na pia upungufu wake.

Wazee wetu walijua tangu kale kwamba nafaka yenye maji haihifadhiki. Ndiyo sababu wengi walitundika mahindi juu ya meko ili moshi na joto viyakaushe, na vihenge wakaviinua kutoka ardhini. Walichokiogopa ni kuoza na wadudu. Sumu yenyewe haikujulikana na mtu yeyote duniani hata ulipofika mwaka wa 1960. Mwaka huo, katika nchi ya Uingereza, bata mzinga wapatao 100,000 walikufa kwa muda wa miezi michache. Wataalamu walipochunguza chakula chao, waliona kuwa chanzo ni mashudu ya karanga kutoka Brazil, yaliyoota kuvu iitwayo Aspergillus flavus. Sumu yake ikapewa jina la aflatoksini, nasi leo twaiita sumukuvu. Hulishambulia ini: ikiliwa kwa wingi huua upesi, na ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kuleta saratani.

Haukupita muda mrefu, msiba ukawafikia wanadamu. Mwaka wa 1974, magharibi ya India, watu zaidi ya 100 walikufa kwa kula mahindi yenye ukungu. Mwaka wa 1981, huko Machakos nchini Kenya, wagonjwa 20 walilazwa na 12 kati yao wakafariki. Mwaka wa 2004, msiba mkubwa zaidi uliwapata watu wa Makueni, Kitui na wilaya za jirani: wagonjwa 317, na waliokufa 125. Tanzania nayo haikuepuka. Mwaka wa 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 wakafa.

Ndugu mwanachama, angalia jambo moja katika habari hizi. Wengi wa waliokufa Kenya mwaka wa 2004 hawakuuziwa sumu na mfanyabiashara mgeni. Walikula mahindi ya mashamba yao wenyewe, yaliyowekwa ndani ya nyumba yangali na unyevu. Basi gunia lililokataliwa mizanini halikutoweka. Lilirudi nyumbani, likasagwa, likawa ugali wa watoto. Wala moto wa jikoni hauiondoi sumu hii, kwani kuchemsha na kusonga hakuivunji vya kutosha. Ng'ombe naye akilishwa mahindi hayo, sumu hupita katika maziwa yake.

Kwa hiyo kukataa gunia ni nusu tu ya kazi ya ushirika. Nusu ya pili yapasa kufanywa shambani, kabla gunia halijashonwa: mahindi yavunwe yakikomaa, yaanikwe juu ya turubai au jamvi wala si juu ya udongo mtupu, yakauke hata unyevu usizidi sehemu 13 katika 100, na punje zilizovunjika au kuota ukungu zichaguliwe na kuharibiwa, wasipewe hata kuku. Kipimo cha unyevu ni ghali kwa mkulima mmoja, lakini si ghali kwa chama cha msingi. Hali kadhalika turubai na ghala lenye hewa.

Katika miaka kumi ijayo, viongozi na wahesabu si tani zilizouzwa tu, bali pia magunia yaliyookolewa kabla ya kufika mizanini. Mavuno yetu hulisha kwanza nyumba zetu, ndipo yalishe soko.