Saketi za metali majimaji: Umeme katika nyaya zinazovutika kama mpira

Shehena za shaba kutoka Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zimekuwa zikipita Tunduma, mkoani Songwe, kwa miongo mingi. Reli ya TAZARA, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1970 na kukabidhiwa rasmi mwaka 1976, ilikusudiwa pamoja na mambo mengine kuipatia shaba ya Zambia njia ya kufika bandari ya Dar es Salaam.

Kwa wakazi wa Chapwa na maeneo mengine ya mji huo wa mpakani, usafirishaji wa metali hiyo ni sehemu ya maisha ya kila siku. Kiasi kikubwa cha shaba hiyo huishia kuwa nyaya: za majumbani, za mota, za simu na za kompyuta.

Hata hivyo, shaba ina udhaifu ambao umewashughulisha wahandisi kwa muda mrefu. Hukubali kupindwa, lakini ikivutwa hairudi katika hali yake, na ikipindwa mara nyingi mahali pamoja hukatika. Yeyote aliyewahi kutupa chaja ya simu kwa sababu waya wake umekatikia ndani, karibu na kichwa, anaufahamu udhaifu huo.

Jibu mojawapo lililopatikana katika maabara za Ulaya, Marekani na Asia ni kuutoa kabisa waya mgumu na kuweka mahali pake metali iliyo katika hali ya kimiminika, iliyofungiwa ndani ya mpira. Saketi ya namna hiyo huweza kuvutwa, kukunjwa na kusokotwa huku ikiendelea kupitisha umeme.

Sehemu kubwa ya teknolojia hiyo bado imo katika utafiti. Pamoja na hayo, maswali inayoyaibua kuhusu usalama, bei na taka zake yanauhusu mkoa kama Songwe, ambao umekwisha kuonja faida na hasara za metali majimaji nyingine, yaani zebaki.

Zebaki ilitangulia

Katika Wilaya ya Songwe, kwenye maeneo ya dhahabu kama Saza na Mkwajuni, na katika wilaya jirani ya Chunya mkoani Mbeya, wachimbaji wadogo wameitumia zebaki kukamatia dhahabu. Mawe husagwa kwenye makarasha, unga wake huchanganywa na maji na zebaki, kisha donge linalopatikana huchomwa ili zebaki igeuke mvuke na kuacha dhahabu.

Mvuke huo ndio wenye madhara makubwa. Huingia mapafuni na kuathiri mishipa ya fahamu na figo, na zebaki inayofika majini huweza kuingia katika samaki na hatimaye katika mwili wa mlaji.

Ni wachache wanaofahamu kwamba zebaki hiyo hiyo ndiyo iliyotumika katika vifaa vya mwanzo vya umeme vinavyovutika. Mwaka 1953, nchini Uingereza, R. J. Whitney alichapisha maelezo ya kifaa cha kupimia mtiririko wa damu katika mikono na miguu. Kilikuwa mrija mwembamba wa mpira uliojazwa zebaki na kuzungushwa kwenye kiungo cha mgonjwa.

Kiungo kilipojaa damu, mrija ulivutika. Njia ya zebaki ilirefuka na kuwa nyembamba, hivyo ukinzani wa umeme ukaongezeka, na ongezeko hilo likamwonyesha mpimaji kiasi ambacho kiungo kimevimba.

Kanuni hiyo ni nyepesi. Kwa kuwa kiasi cha metali ndani ya mrija hakibadiliki, mrija ukivutwa hadi urefu mara mbili, eneo la njia yake hupungua kwa nusu, na ukinzani hufika mara nne ya ule wa awali. Vihisi vya metali majimaji vinavyotengenezwa leo kwa ajili ya kupima mjongeo vimejengwa juu ya kanuni hiyo.

Galiamu ni nini

Metali iliyochukua nafasi ya zebaki katika utafiti huu ni galiamu. Mwanakemia wa Urusi, Dmitri Mendeleev, alitabiri kuwapo kwake mwaka 1871, na Mfaransa Paul-Émile Lecoq de Boisbaudran akaigundua mwaka 1875.

Galiamu huyeyuka katika joto la nyuzi 29.8 za Selsiasi. Kipande chake kikiwekwa kiganjani huyeyuka kwa joto la mwili. Katika asubuhi ya baridi ya Tunduma kingebaki kigumu mezani, ilhali katika mchana wa jua kali wa Dar es Salaam kingeweza kugeuka maji.

Saketi inayoganda na kuyeyuka kwa kufuata hali ya hewa haina faida kubwa. Kwa sababu hiyo galiamu huchanganywa na metali nyingine. Mchanganyiko wa takribani asilimia 75 galiamu na asilimia 25 indiamu huyeyuka katika nyuzi 15.5. Bati likiongezwa, kiwango hicho hushuka hadi takribani nyuzi 11.

Tofauti kubwa kati ya galiamu na zebaki ni mvuke. Katika joto la kawaida galiamu haitoi mvuke wa kutajika, na sumu yake huhesabiwa kuwa ndogo sana ikilinganishwa na ya zebaki. Mchanganyiko wa galiamu, indiamu na bati umekwisha kutumika katika vipimajoto vya homa badala ya zebaki.

Tofauti ya pili ni ngozi. Zebaki ikimwagwa hujikusanya kuwa vitone vya mviringo na kubingirika. Galiamu ikikutana na oksijeni hewani hujifunika papo hapo kwa utando mwembamba wenye unene wa nanomita chache tu. Utando huo huishikilia metali isijikusanye, hivyo huweza kuchorwa katika mistari na kubaki na umbo ililopewa.

Namna saketi inavyotengenezwa

Mwaka 2008 kundi la watafiti lililomjumuisha Michael Dickey, ambaye sasa ni profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina nchini Marekani, lilichapisha utafiti ulioonyesha jinsi mchanganyiko wa galiamu na indiamu unavyoweza kujazwa katika vijia vyembamba na kutulia humo. Utafiti huo ulifungua mlango kwa kazi nyingi zilizofuata.

Njia inayotumika sana huanza na mpira wa silikoni. Mpira humiminwa katika kalibu yenye michoro, na ukishakauka hubaki na vijia vyembamba mfano wa mifereji. Kipande cha pili cha mpira hufunikwa juu, kisha metali huingizwa kwa bomba la sindano na matundu huzibwa.

Njia nyingine ni kuichapa metali juu ya mpira kwa mashine, kuipulizia kupitia karatasi iliyotobolewa umbo la saketi, au kuisaga kuwa vitone vidogo mno na kuvichanganya ndani ya mpira wenyewe.

Mwishoni mwa mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina kilitangaza waya uliotengenezwa kwa mrija mwembamba wa plastiki laini uliojazwa metali hiyo. Waya huo uliweza kuvutwa hadi mara nane ya urefu wake wa awali.

Ikumbukwe kwamba metali majimaji haiishindi shaba katika kupitisha umeme. Shaba hupitisha umeme vizuri zaidi, kwa takribani mara 17 ya mchanganyiko wa galiamu na indiamu. Thamani ya metali hii ipo mahali ambapo shaba haiwezi kudumu: katika kitu kinachojongea, kinachovutika au kinachofuata umbo la mwili.

Matumizi yanayotarajiwa

Eneo la kwanza ni afya. Ngozi ya binadamu penye viungo kama goti na kiwiko huvutika sana, na kifaa kigumu kinachobandikwa hapo hubanduka au huumiza. Mkanda wa mpira wenye kihisi cha metali majimaji unaweza kupima upumuaji, mapigo ya moyo au mkunjo wa kiungo bila kumzuia mgonjwa kufanya shughuli zake.

Viungo bandia navyo vinatajwa. Mtu anayetumia mguu bandia huweza kupata vidonda pale unapogusana na kigutu cha mguu uliokatwa, na mara nyingi hutambua tatizo ngozi ikiwa imekwisha kuchubuka. Kitambaa laini chenye vihisi ndani ya mguu huo kingemwonyesha fundi mahali penye mgandamizo mkubwa. Nchini Tanzania, mafundi wa viungo bandia wamekuwa wakifunzwa katika chuo cha TATCOT kilichopo KCMC mjini Moshi.

Eneo la pili ni mawasiliano. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala nchini Sweden walionyesha antena ya metali majimaji ndani ya silikoni iliyoweza kukunjwa na kuvutwa. Antena ya aina hii ikivutwa, masafa yake hubadilika, kwa hiyo inaweza kutuma habari na wakati huo huo kueleza imevutwa kiasi gani.

Eneo la tatu ni roboti laini, zenye mikono ya mpira iwezayo kushika yai au tunda bila kulivunja. Roboti hizo zinahitaji nyaya na vihisi vinavyokubali kila mkunjo wa mkono.

Eneo la nne ni saketi zinazojitibu. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani walitangaza mpira uliojaa vitone vya metali majimaji. Ukikatwa au kutobolewa, vitone vya kando ya jeraha hupasuka na kuungana, vikaupatia umeme njia mpya.

Kwa upande wa soko, walaji wengi wamekutana na metali hizi katika kupoza mitambo. Mashine ya michezo ya PlayStation 5, iliyoingia sokoni mwaka 2020, hutumia metali majimaji kuondoa joto kwenye kichakato chake.

Vikwazo

Kikwazo cha kwanza ni viungio. Vichakato na betri bado ni vigumu, na mahali ambapo kitu kigumu kinakutana na mpira unaovutika ndipo saketi nyingi zinapofia.

Cha pili ni uhasama kati ya galiamu na alumini. Galiamu hupenya katika alumini na kuifanya iwe dhaifu kiasi cha kumeguka mkononi. Kwa sababu hiyo usafirishaji wake kwa ndege una masharti makali, na haifai kuwekwa karibu na sufuria au fremu za alumini.

Cha tatu ni upatikanaji. Galiamu haina migodi yake. Hupatikana kama mazao ya ziada wakati wa kusafisha boksiti ili kupata alumini, au katika usafishaji wa zinki. China huzalisha zaidi ya asilimia 95 ya galiamu ghafi duniani, na kuanzia Agosti 2023 iliweka sharti la kibali kwa kila anayetaka kuisafirisha nje. Indiamu nayo ni adimu na ghali.

Somo kutoka machimboni

Kikwazo cha nne ni kile ambacho Songwe inakifahamu zaidi: nini hutokea baada ya matumizi.

Ugonjwa uliotokana na maji taka ya kiwanda yenye zebaki katika mji wa Minamata, Japani, ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa kimataifa unaobeba jina la mji huo ulipitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Miaka 57 ilipita kati ya ugonjwa kutambuliwa na mkataba kupitishwa.

Mkataba huo uliweka mwaka 2020 kuwa ukomo wa kutengeneza na kufanya biashara ya nje ya vipimajoto vya zebaki, isipokuwa kwa nchi zilizoomba muda zaidi. Kwa uchimbaji mdogo wa dhahabu, uliagiza nchi husika zipunguze matumizi ya zebaki na, inapowezekana, ziyakomeshe.

Zebaki ilienea machimboni kwa sababu ilikuwa rahisi kutumia na matokeo yake yalionekana siku hiyo hiyo, ilhali madhara yake yalichukua miaka. Galiamu haina sumu ya kiwango hicho, lakini kusema kwamba ina sumu ndogo hakumaanishi kuwa haina madhara kabisa. Huweza kuwasha ngozi na macho, haifai kuliwa, na vifaa vinavyokusudiwa kukaa mwilini kwa miaka vinahitaji kupimwa kwa miaka.

Lipo pia jambo la kutia moyo. Kwa kuwa metali hii ni kimiminika, inaweza kutolewa ndani ya mpira wa saketi iliyochakaa na kutumika upya. Tindikali au magadi makali huyeyusha utando wake wa oksidi, na vitone hujikusanya pamoja. Kazi hiyo hufanyika katika maabara zenye vifaa vya kujikinga, na haipaswi kujaribiwa nyumbani au katika karakana za mitaani.

Nchini Tanzania usimamizi wa taka za elektroniki upo chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Vifaa vyenye metali majimaji vitakapoanza kuingia kwa wingi kupitia bandari na mipaka kama Tunduma, vitahitaji kutambuliwa mapema, kukusanywa peke yake na kutochomwa pamoja na taka nyingine, ili metali iliyomo irudi katika matumizi badala ya kuishia katika udongo na maji.