Modeli za kihisabati za Ebola, Kivu Kaskazini

Modeli hizi ni milinganyo inayokadiria kasi ya maambukizi na njia bora ya kuyadhibiti. Katika mlipuko wa 2018–2020 uliokumba Kivu Kaskazini na Ituri na kuua watu 2,287, ugonjwa ulifika hadi Pinga, eneo la Walikale, Agosti 2019. Kiini cha modeli hizi ni R, wastani wa watu wanaoambukizwa na mgonjwa mmoja: ikizidi 1, mlipuko hukua, ikishuka chini ya 1, huzimika. Chanjo ya duara, kwa waliokaribiana na mgonjwa na wanaokutana nao, huishusha R kwa dozi chache. Lakini chanjo hiyo hutegemea ufuatiliaji: kila aliyekaribiana na mgonjwa hufuatiliwa siku 21, akipimwa joto kila siku; katika maeneo ya Masisi na Walikale, vita huwakimbiza watu kabla siku hizo hazijaisha, na modeli isiyohesabu uhamaji huo hukadiria hatari chini mno.