Nani alilinda mlango? Darwin, Somerville na kazi ya kufanyia nyumbani

Ukitafuta ushauri wa kufanyia kazi nyumbani, utakutana na orodha ile ile: amka mapema, oga, vaa kama unaenda kazini, weka simu mbali, tafuta kona yako ukae hapo. Si ushauri mbaya. Ila unachukulia kwamba shida yote iko kichwani mwako, na kwamba ukijikaza tu mambo yatakwenda. Historia ya sayansi inatoa picha tofauti kidogo. Kabla maabara za vyuo hazijaenea, sayansi nyingi ilifanyiwa nyumbani, na nyumba zenyewe hazikufanana. Hebu tuingie mbili za Uingereza ya karne ya 19 tuone kazi ilikuwa inakwendaje.

Ya kwanza iko kijiji cha Downe, ambacho wakati huo kilikuwa Kent, kilomita 25 hivi kutoka katikati ya London. Charles Darwin alihamia hapo Septemba 1842 akiwa na miaka 33, na nyumba hiyo hakuihama mpaka alipofariki Aprili 1882. Karibu miaka 40 ya kufanyia kazi nyumbani! Hapo ndipo alipotumia miaka minane, 1846 mpaka 1854, kuchunguza wale viumbe wadogo wenye gamba gumu wanaoganda kwenye miamba ya pwani na chini ya mashua. Hapo ndipo alipoandika kitabu chake cha asili ya spishi kilichotoka 1859, na hapo ndipo alipomalizia na kitabu cha minyoo ya ardhini mwaka 1881. Barua zake zilizosalia, alizoandika na alizopokea, ni zaidi ya 15,000.

Mtu wa kazi nyingi kiasi hicho, utasema alikuwa halali. Sasa angalia ratiba yake kama alivyoieleza mwanawe Francis. Baada ya matembezi mafupi na kifungua kinywa, saa 2 asubuhi yuko mezani. Saa 3 na nusu anatoka, anakwenda sebuleni kujilaza kwenye kochi na kusomewa barua na riwaya. Saa 4 na nusu anarudi kazini mpaka saa 6 mchana, na hapo mara nyingi alijihesabu kuwa amemaliza kazi ya siku. Anakwenda kutembea kwenye njia yake ya mchanga pembezoni mwa kiwanja, akizunguka na kupiga teke jiwe moja kila mzunguko ili asipoteze hesabu. Kisha chakula, gazeti, kujibu barua, kupumzika, riwaya tena (alipenda zenye mwisho mwema, na alitania kwamba zenye mwisho mbaya zipigwe marufuku kwa sheria). Saa 10 na nusu jioni anarudi mezani kwa saa moja hivi. Basi.

Jumlisha mwenyewe: ukiacha barua, ni masaa manne.

Usiku alicheza bakgamoni na mkewe Emma, mizunguko miwili. Alikuwa anaweka hesabu. Mwaka 1876 alimwandikia rafiki yake Asa Gray kule Marekani akijigamba kwamba yeye ameshinda mara 2,795 na Emma 2,490. Kama kuna mtu anakuambia mwanasayansi mkubwa hapotezi muda, mwonyeshe hesabu hiyo.

Wapo wanaoichukua ratiba hii na kuiuza kama siri: fanya kazi masaa manne kwa siku na wewe utakuwa Darwin. Nadhani wanasoma nusu ya habari. Kwanza, masaa manne hayakuwa falsafa, yalikuwa kipimo cha mwili wake. Alikuwa mgonjwa kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima, tumbo, kutapika, kichwa, na akizidisha kazi au hata maongezi alilala chini. Pili, tuulize masaa hayo manne yalitoka wapi.

Yalitoka kwenye nyumba. Darwin hakuishi kwa mshahara: baba yake alikuwa daktari tajiri, na Emma alitoka ukoo wa Wedgwood, wale wa viwanda vya vyombo vya udongo. Kulikuwa na wapishi, wayaya, watunza bustani, na mhudumu mkuu Joseph Parslow aliyekaa nao zaidi ya miaka 30. Nje ya dirisha la chumba cha kusomea kilifungwa kioo ili Darwin aone nani anakuja kabla hajafika mlangoni. Kiti chake alikifungia magurudumu ili ateleze toka hadubini mpaka mezani bila kuinuka. Na kulikuwa na Emma. Alihamia Downe akiwa na mimba pevu, akajifungua siku chache baadaye, na mtoto huyo akafa baada ya wiki tatu hivi. Kati ya 1839 na 1856 alizaa watoto kumi. Ndiye aliyesoma zile riwaya kwa sauti, aliyeuguza, aliyepokea wageni na kuwaondoa mapema mume anapochoka, na aliyepitia maandishi yake kabla hayajachapwa.

Usidhani ni nyumba ya kimya. Watoto waliingia chumbani kwa baba wakitafuta mkasi, kamba, stempu, nyundo. Mmoja, akiwa na miaka minne hivi, alijaribu kumhonga baba yake peni sita ili aache kazi aje kucheza. Napenda sana habari hii, kwa sababu inaonyesha kitu kimoja wazi: mtoto wa miaka minne alikwishajua kwamba muda wa baba una bei. Saa za baba zilikuwa saa za kazi, na nyumba nzima ilikubali hivyo.

Nyumba ya pili iko Chelsea, London, na ni ya miaka michache kabla. Mary Somerville alizaliwa Scotland mwaka 1780. Alipokuwa msichana wazazi waliona anasoma sana hisabati usiku, wakaagiza anyang'anywe mishumaa. Akawa anazikumbuka hoja za jiometri za Euclid kwa kichwa, anazifanya gizani kitandani. Mume wa kwanza hakuthamini elimu ya mwanamke, alifariki 1807. Wa pili, daktari William Somerville, alimuunga mkono kwa moyo wote, na hilo tulitaje kwa haki kabisa.

Mwaka 1827 Lord Brougham aliomba Mary aeleze kwa Kiingereza kazi kubwa ya Laplace kuhusu mwendo wa sayari, hisabati ngumu kuliko nyingi za wakati ule. Alikubali kwa masharti: iwe siri, na akishindwa maandishi yatiwe motoni. Akaanza. Aliamka mapema, akapanga mambo ya watoto na ya nyumba, ndipo akakaa kuandika. Halafu wageni wanakuja, tena wametoka mbali, na hawezi kukataa kuwapokea. Kengele ya mlango ikilia, anaficha karatasi. Wakiondoka, anazitoa. Chumba chake kidogo hakikuwa na mahali pa kuwasha moto, kwa hiyo wakati wa baridi aliandikia sebuleni, katikati ya watu.

Baadaye alieleza jambo hili bila kuzunguka: mwanamume husema ana shughuli na anaachwa, mwanamke haruhusiwi udhuru huo. Wewe unayeandika tasnifu nyumbani, halafu ukatumwa gesi na uangalie mtoto na upokee fundi kwa kuwa "kwani si uko nyumbani tu", nadhani umemwelewa.

Alijizoeza kuacha hesabu katikati na kuirudia palepale, kama mtu aliyeweka alama kwenye kitabu. Tunaweza kuusifu uwezo huo, na mimi nausifu. Lakini Darwin hakuhitaji kujifunza ustadi huo kwa kiwango kile. Alikuwa na kioo dirishani na Emma sebuleni. Mwenye kengele isiyokatalika ndiye anayelazimika kuwa na kichwa cha namna hiyo.

Kitabu kilitoka 1831. Kilipokewa vizuri hata Cambridge kikatumika kufundishia wanafunzi wa hisabati ya juu, chuo ambacho Mary mwenyewe asingeweza kusajiliwa, na ambacho wanawake walianza kupewa digrii kamili mwaka 1948.

Alifariki Naples, Italia, Novemba 1872, akikaribia miaka 92. Masikio yalikuwa yamechoka na majina ya watu yalikuwa yanampotea, na nyumba ilikuwa inasimamiwa na binti zake wawili. Aliandika kwamba bado anaweza kusoma aljebra ya juu asubuhi, na kutatua maswali yake, kwa masaa manne au matano.